Stahiki, kwa Kushuka

Mpunguzi, Agosti. Upepo unaleta vumbi jekundu
hadi chini ya vitufe; herufi ya a inakwama,
naibonyeza mara mbili, kama anayebisha hodi
kwa jirani kiziwi.

Uzito kutoa kreti, mara bei ya kilo,
kutoa mkopo wa salfa, kutoa ushuru,
kutoa shilingi mia ya mlinzi:
mstari mrefu kuliko foleni yenyewe,
mabano yamesokotana kama vikono vya mzabibu.

Meneja Ndahani anasema: nipangie, wa juu waanze.
Msimu uliopita niliunakili mstari wote tena kule chini,
bano kwa bano. Bei ilipobadilika
nikarekebisha juu, nikasahau chini;
watu wakalipwa kwa bei mpya
wakapangwa kwa bei iliyokufa.

Ndipo nikajifunza kuipa hesabu jina.
Herufi saba: stahiki.
Kisha mwisho kabisa: panga kwa stahiki, kwa kushuka.
Basi. Mashine ikaitika,
nami nikapumua kama aliyetua debe la maji.

Nikaota kiburi. Nikalipeleka jina lile getini,
pale panapochujwa: niletee ambao stahiki imezidi sifuri.
Mashine ikagoma. Safu hiyo siijui.
Nikasoma upya, nikalilaani vumbi bure.
Kumbe getini huchuja kabla ya kuhesabu,
na jina huzaliwa baada ya hesabu.
Utamwitaje mtoto ambaye mimba yake haijatungwa?

Na hili nilipaswa kulijua, maana jana tu
Lungwa wa getini alimzuia Mama Salfa.
Aliulizwa jina, naye kwa mazoea ya miaka kumi na moja
akajibu anavyoitwa.
"Mama Salfa hayumo humu," Lungwa akasema,
kidole kikishuka kwenye daftari.
Mama akafungua pindo la khanga, akatoa kadi:
Yusta Chilewa. Akapita.
Lakini ndani, saa kumi, kazi zote zimekwisha
imebaki kupangana tu,
keshia hakuita Yusta.
Aliita Mama Salfa! na foleni nzima ikageuka,
ikampisha mahali pake.

Jina la utani lina saa yake.

Nimekosea na hivi pia: niliifunga stahiki
ndani ya alama za kunukuu, nikidhani naiheshimu.
Ikawa neno tupu, lile lile kwa kila mtu,
na ukiwapanga watu kwa kitu walicho nacho sawa wote
hujawapanga. Walitoka kama walivyoingia.
Hakuna onyo, hakuna wino mwekundu.
Niligundua siku ya tatu, nikiwa naoga.

Leo imenyooka. Juu kabisa Mwaluko, milioni mbili na ushee.
Nateremka kwa gurudumu la kipanya, nateremka,
tarakimu zinakonda,
hadi mkiani: Chilewa, Yusta.
Kilo mia na tisa.
Stahiki: hasi elfu kumi na nne.
Ni mkopo wa salfa. Unga ule ule wa njano
unaomganda kwenye nyusi kila anaponyunyizia,
uliompa jina,
ndio uliomla.

Nje wanapakia kreti za mwisho. Mtu anacheka.
Nakirudisha kidole kwenye neno moja, nalifuta,
naandika jingine: kwa kupanda.
Neno la mashine, neno la jembe.
a imekwama tena; naibonyeza mara mbili.

Hesabu sijaigusa, hata senti.
Ila sasa Yusta ndiye wa kwanza,
na kesho Ndahani atakapofungua karatasi,
chai bado inafuka,
atanung'unika kwamba nimeipindua,
na kabla hajamaliza kunung'unika
atakuwa ameshalisoma jina lake.